Uvimbe Chini ya Ushungi



Sisi tuandikao makala haya ni ndugu wawili wa tumbo moja, wazaliwa wa Mombasa, ambao ndoa na riziki zimetupeleka mbali na bahari. Mkubwa wetu anakaa Kitale, mdogo wetu Bungoma. Baina yetu pana safari ya matatu kupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, Mlima Elgon ukiwa mkono wa kulia muda mwingi wa njia. Barabara hiyo tumeipita mwaka uliopita mara nyingi kuliko miaka yote tuliyokaa bara, na sababu ilikuwa shingo ya mkubwa wetu. Majina yetu tumeyaacha, kwa kuwa yatakayosimuliwa yanagusa na nyumba za wengine.

Mkubwa wetu ana maradhi ya tezi ya thairoidi tangu alipojifungua mtoto wake wa pili. Yalianza kwa baridi. Mtu wa Mombasa akilalamika baridi mjini Kitale, mji ulioko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hakuna amsikilizaye. Huambiwa anunue sweta. Akanunua sweta, kisha la pili. Nywele zikawa zinatoka kwa mafungu kwenye kitana, uso ukaamka umevimba, haja ikawa ngumu, hedhi ikawa nzito na ya siku nyingi, na usingizi haukumtosha hata akilala tangu Isha hadi Alfajiri. Wengine walisema ni uzazi, wengine wakasema ni uvivu wa mtu wa pwani. Ulipita mwaka na nusu kabla ya mtu kumpima damu, na hapo ndipo tulipolisikia jina Hashimoto kwa mara ya kwanza.

Jina hilo ni la daktari wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, aliyeandika mwaka 1912 katika jarida la Kijerumani habari za wanawake wanne waliokuwa na rovu. Alizitazama tezi zao kwa darubini, akazikuta zimejaa seli ambazo kazi yake ni kuulinda mwili. Hakujua zilikuwa zikifanya nini humo. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1956, wataalamu wa London na wa Buffalo, Marekani, walipoonyesha kuwa kinga ya mwili yaweza kuigeukia tezi ya mwenyewe na kuishambulia kana kwamba ni adui. Ndivyo ilivyo kwa mkubwa wetu. Askari wa nyumba wamemkosea mwenye nyumba. Maradhi haya huwapata wanawake mara nyingi zaidi kuliko wanaume, na hupenda kupita katika ukoo. Mdogo wetu naye alishauriwa apimwe, akapimwa, na mpaka sasa tezi yake ni salama.

Tezi yenyewe ni ndogo, ina umbo la kipepeo, nayo imekaa mbele ya shingo chini ya kikoromeo. Homoni yake ndiyo inayopanga mwendo wa moyo, joto la mwili, utumbo, ngozi na akili. Ikichakaa, homoni hupungua, na ubongo hutoa homoni nyingine iitwayo TSH ili kuisukuma tezi ifanye kazi. Kwa hiyo katika maradhi haya kipimo cha TSH kikiwa juu, maana yake tezi iko chini. Wengi huisoma karatasi kinyume. Tiba ni kidonge cha levothairoksini, ambacho ni homoni ile ile iliyopungua, kila siku, na kwa wengi ni kwa maisha yote. Mkubwa wetu alikimeza miaka sita, akarudi kuwa yeye.

Basi mwezi wa Rabiul Awwal, katika Maulidi ya akina mama, ilifika zamu yake ya kusoma na sauti ikamkataa. Haikukatika, ilikwaruza, kama ya mtu aliyeamka na mafua. Alidhani ni vumbi la mavuno ya mahindi. Wiki chache baadaye akaona kuwa pini ya ushungi, aliyozoea kuichoma mahali pale pale, sasa inambana. Akimeza tonge la ugali alihisi kitu kikipanda na kushuka. Na upande wa kulia, chini ya sikio, palikuwa na maumivu mepesi yasiyokoma.

Ushungi ni stara yetu na hatuuonei lawama. Lakini humficha shingo hata mwenyewe. Mwanamke hujitazama kwenye kioo akiwa amekwisha kujifunga, akakagua uso na kingo za kitambaa. Walio nyumbani nao, kwa kuwa mabadiliko huja kidogo kidogo, hawaoni. Mkubwa wetu mpaka leo hawezi kusema uvimbe ule ulianza lini.

Alikwenda zahanati moja ya binafsi, ambayo hatutaitaja. Mhudumu akafungua kadi yake, akaliona neno Hashimoto, akaifunga kadi. “Mama, hiyo ni tezi yako ile ile.” Hakumwomba alegeze ushungi. Kwa uadilifu twasema huenda aliona haya kumwomba, na mkubwa wetu naye akaona haya kujitolea. Baina ya haya mbili hizo ilipotea miezi mitatu. Mahali pengine aliambiwa ni kiungulia, akapewa dawa ya tumbo. Pengine akaambiwa ana wasiwasi, apumzike. Twakiri kuwa kiungulia na wasiwasi huweza kweli kuleta hisia ya donge kooni. Lakini hakuna kati yao aliyetia mkono shingoni.

Majirani walikuwa wakarimu zaidi. Mmoja alileta kombe, akalinywa kwa nia njema. Mwingine akamkataza sukuma wiki na kabichi moja kwa moja, ingawa mboga hizo zikipikwa na kuliwa kwa kiasi cha kawaida hazimdhuru mtu anayepata iodini ya kutosha. Wa tatu akamsisitiza azidishe chumvi. Huyu alikuwa na historia upande wake. Nyanda za juu za Afrika Mashariki zilikuwa na rovu nyingi zamani, kwa sababu ardhi ya milimani huoshwa na mvua ikapoteza iodini, na tezi isiyopata iodini hutanuka ikiitafuta. Dawa ya rovu hilo ilikuwa kutia iodini katika chumvi, jambo ambalo Kenya ilianza katika miaka ya 1970. Na chumvi nyingi ya Kenya hutoka kwetu, katika mashamba ya chumvi ya Magarini, kaunti ya Kilifi, pande za Gongoni na Marereni. Tulifurahi kidogo kuwaza kuwa pwani imekuwa ikiwalinda watu wa Kitale na Bungoma bila wao kujua. Lakini rovu la kukosa iodini si rovu la Hashimoto. Mwenye Hashimoto akijishindilia iodini, hasa ile ya vidonge vya mwani, anaweza kuizidishia tezi yake madhara. Chumvi ya kawaida ya jikoni yamtosha.

Katika mwezi wa Rajab mdogo wetu alikwenda Kitale kumtazama, akamkuta ana sauti ya mzee na amepungua mwili. Hilo la kupungua ndilo lililomshtua. Mtu ambaye tezi yake imelala huongezeka uzito, hapungui. “Dada,” alimwambia, “wewe unakuja na mimi Bungoma kesho.” Mama mkwe hakupendezwa na haraka hiyo, ila shemeji yetu, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, alikwenda mwenyewe stendi kukata tiketi.

Mjini Bungoma tulimpata daktari wa kike katika hospitali ya serikali. Foleni ilikuwa ndefu na viti vichache. Swali lake la kwanza halikuwa juu ya shingo. Aliuliza, “Kidonge chako unakimeza vipi?”

Mkubwa wetu akajibu kuwa anakimeza asubuhi na chai.

“Chai ya maziwa?”

Ndiyo, ya maziwa. Na pamoja nacho vidonge vya madini ya chuma alivyopewa kwa ajili ya upungufu wa damu, na vya nywele alivyonunua mwenyewe. Daktari aliweka kalamu chini. Levothairoksini hutaka tumbo tupu na maji matupu, kisha mtu angoje nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula. Vidonge vya chuma na vya kalsiamu hukishika kidonge hicho tumboni kisiingie mwilini, kwa hiyo vitenganishwe nacho kwa saa nne. Vile vya nywele vina baiotini, ambayo haikizuii kidonge lakini huweza kuyavuruga majibu ya maabara, na yafaa kuisimamisha siku mbili au zaidi kabla ya kupimwa. Mkubwa wetu alikuwa akimeza dawa kila siku kwa uaminifu, na nyingi katika hiyo ilikuwa ikipotea. Tuliaibika. Miaka sita, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kuuliza. Hapa twawakumbusha mabinti walioolewa karibuni: kliniki ya wajawazito hutoa vidonge vya chuma kwa kila mama, na mimba yenyewe huongeza haja ya homoni ya tezi tangu wiki za mwanzo. Mwenye maradhi haya na amwarifu daktari mara ajuapo kuwa ni mjamzito, asingoje tumbo lionekane.

Kisha daktari akafunga mlango, akamwomba avue ushungi, akampa gilasi ya maji. Aliketi mbele yake akitazama, halafu akasimama nyuma yake akipapasa kwa vidole vya mikono miwili. “Kunywa, mama. Tena.” Jambo alilotuonyesha pale ni rahisi kiasi cha kuudhi. Kila kilicho ndani ya tezi ya thairoidi hupanda mtu anapomeza, kwa sababu tezi hiyo imeshikamana na koromeo. Uvimbe wa mbele ulipanda. Ule wa pembeni, chini ya sikio, haukutikisika. Yalikuwa mambo mawili, na kwa miezi mitano yote yalikuwa yakiitwa jina moja.

Msomaji anaweza kujitazama hivyo hivyo chumbani kwake, mbele ya kioo, kidevu kimeinuliwa na maji mkononi. Hatumwambii ajitibu. Twamwambia ajue shingo yake ikiwa nzima inafananaje.

Damu ilionyesha TSH ya 14, na kiwango cha juu cha kawaida katika karatasi ile kilikuwa 4 na kitu. Hiyo ilieleza sauti ya kukwaruza na tezi kutanuka, maana tezi inayosukumwa kila siku hunenepa. Picha ya altrasaundi ikaonyesha tezi yenye mabaka mabaka, kama kawaida ya Hashimoto, na ndani yake kivimbe kimoja kidogo. Lakini kando yake, katika mnyororo wa tezi za kinga ulioshuka pembeni mwa shingo, palikuwa na tezi nne zilizovimba, mbili zimeshikana. Mwanamke aliyekuwa akipiga picha alinyamaza kwa muda mrefu kuliko tulivyopenda.

Daktari hakutuficha. Alisema tezi za kinga zilizo karibu na thairoidi yenye Hashimoto huvimba kidogo mara nyingi, na hilo halina ubaya. Hizi zilikuwa kubwa mno kwa hilo. Alitaja saratani ya tezi, ambayo huweza kusafiri hadi tezi za pembeni, akaongeza kuwa vivimbe vingi vya thairoidi si saratani. Alitaja saratani ya seli za kinga, ambayo ni nadra sana ingawa wenye Hashimoto huipata zaidi kuliko wengine, na dalili yake kubwa ni shingo inayovimba haraka ndani ya wiki chache. Akataja kifua kikuu. Sisi tulilisikia neno la kwanza tu.

Usiku ule hatukulala. Tulikaa sebuleni kwa mdogo wetu tukahesabu umri wa watoto. Mkubwa wetu alisema maneno ambayo hatutayaandika yote. Alitaka kujua nani atamsomesha binti yake Kurani. Alfajiri tulimpigia mama simu Mombasa. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama tumekula.

Uchunguzi uliofuata ulikuwa wa sindano. Sindano hiyo ni nyembamba kuliko ile inayotoa damu mkononi. Huingizwa katika uvimbe, mara nyingi kwa kuongozwa na altrasaundi, na kunyonya seli chache zikatazamwe kwa darubini. Huumiza kama sindano nyingine yoyote, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Wapo wanaoamini kuwa uvimbe ukidungwa sindano hutawanyika mwilini. Tuliambiwa hivyo na watu watatu kabla ya kufika, na mmoja wao alikuwa na elimu ya kutosha kujua zaidi. Kukataa sindano kwa hofu hiyo kumewachelewesha wengi.

Tulipokuwa tukingoja majibu, shemeji yetu wa Bungoma, ambaye ni mwalimu wa madrasa na mpenzi wa vitabu, alitutuliza kwa historia. Abu al-Qasim Al-Zahrawi, tabibu wa Qurtuba aliyefariki mwaka 1013, aliandika juu ya rovu katika kitabu chake Al-Tasrif, na wanahistoria wa tiba humtaja miongoni mwa wa mwanzo kueleza uvimbe wa shingo kuchunguzwa kwa sindano. Ibn Sina naye, katika Al-Qanun, aliandika kuhusu tezi za shingo zinazovimba kwa pamoja. Na Ulaya kwa karne nyingi watu waliamini kuwa uvimbe huo huponywa kwa kuguswa na mfalme. Samuel Johnson, mtungaji mashuhuri wa kamusi ya Kiingereza, alipelekwa London akiwa mtoto mdogo mwaka 1712 akaguswe na Malkia Anne. Hakupona. Mkubwa wetu alicheka hapo, kwa mara ya kwanza baada ya siku tisa.

Hadithi hiyo ilikuwa karibu na ukweli kuliko alivyodhani shemeji. Kivimbe cha thairoidi hakikuwa na saratani. Kilikuwa na seli za kinga, Hashimoto mtupu. Tezi za pembeni zilitoa kitu cheupe kama jibini, na mashine ya GeneXpert, inayotafuta vinasaba vya vijidudu ndani ya saa mbili hivi, ikajibu kuwa ni kifua kikuu. Hicho ndicho alichokuwa nacho Johnson.

Kenya ni miongoni mwa nchi 30 ambazo Shirika la Afya Duniani huzihesabu kuwa na mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu, na bado watu wengi hudhani ugonjwa huu lazima uwe na kikohozi. Mkubwa wetu hakukohoa hata siku moja. Alikuwa na homa ndogo za jioni na jasho la usiku, akayadhani ni ya tezi. Kifua kilipigwa picha kikaonekana safi. Akaulizwa kama hunywa maziwa mabichi, kwa kuwa aina moja ya vijidudu hivyo hutoka kwa ng'ombe, na Kitale ni nchi ya maziwa. Akasema huyachemsha daima. Akaombwa pia apimwe virusi vya ukimwi, kama aombwavyo kila mgonjwa wa kifua kikuu. Hapo palikuwa na kimya kizito baina yake na mumewe kwenye simu. Walipima wote wawili, wote wakawa salama, na shemeji alisema baadaye kuwa aliona afadhali kupima kuliko kukaa akifikiri.

Dawa ni za miezi sita, nazo hutolewa bure katika vituo vya serikali. Alianza katikati ya Shaaban, huko huko Kitale ili awe karibu na nyumbani. Muuguzi alimwonya kuwa mkojo utakuwa wa rangi ya machungwa na kuwa hilo si baya. Alimwonya pia kuwa mojawapo ya dawa hizo, rifampisini, hudhoofisha vidonge vya kupanga uzazi. Jambo moja muuguzi hakulisema, na huenda hakulijua: rifampisini hulifanya ini liivunje levothairoksini haraka zaidi. Mkubwa wetu sasa alikuwa akimeza kidonge chake kwa maji, kwenye tumbo tupu, chuma akakisogeza hadi mchana. TSH ilipaswa kushuka. Baada ya wiki sita ikasomeka 19.

Ilibidi mdogo wetu azichukue kadi mbili, ya kifua kikuu na ya thairoidi, aziweke pamoja juu ya meza ya daktari wa Bungoma. Daktari aliona mara moja. Akaongeza kipimo cha levothairoksini, akaandika kwa herufi kubwa kwenye kadi zote mbili kwamba kitapunguzwa tena dawa za kifua kikuu zitakapokwisha, kwa kuwa ini likirudi katika hali yake kipimo kile kitakuwa kikubwa mno na moyo utaenda mbio. Tangu hapo twamwambia kila mwenye maradhi mawili: kadi zako zisikae katika mifuko miwili.

Mwezi wa Ramadhani ulimkuta katika wiki ya tatu ya dawa, amedhoofu na hana hamu ya chakula. Daktari alimshauri asifunge. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqara na kila mtu nyumbani aliijua, lakini kuijua ni jambo moja, na kusonga uji wa watoto saa nne asubuhi huku wakwe wakikutazama ni jambo jingine. Alikuwa akila chumbani, mlango umefungwa, kama mwizi. Mama alipopata habari alisema kwa simu, “Mwanangu, aliyekupa ruhusa ni yule yule aliyekuamrisha kufunga. Fungua mlango ule.” Kwa wenye Hashimoto pekee, ambao wengi wao hufunga bila tabu, kidonge kinaweza kuhamishwa: saa za kulala, ikiwa ni saa tatu au zaidi baada ya chakula, au nusu saa kabla ya daku. Msomaji akubaliane na daktari wake kabla ya mwezi kuandama. Kuhusu kutolewa damu ya vipimo au kudungwa sindano isiyo ya lishe, wanavyuoni wengi wa zama hizi hawaoni kuwa hubatilisha saumu. Mwenye shaka amuulize shekhe wake.

Lililomuumiza zaidi halikuwa chakula. Kikombe chake, sahani yake na kijiko chake viliwekwa kando, kwenye rafu ya chini. Hakuna aliyemwambia neno. Shemeji alimleta mama yake kliniki, na pale ofisa wa kliniki, kijana mdogo mwenye adabu nyingi, akamweleza bibi huyo kuwa kifua kikuu cha tezi, mapafu yakiwa safi, hakiambukizwi kwa kukaa pamoja wala kwa vyombo, na kwamba hata kile cha mapafu huenezwa kwa hewa, si kwa vikombe. Watu wa nyumbani walipimwa wote, wakawa wazima. Mama mkwe aliuliza maswali mengi. Jioni ile kikombe kilikuwa kimerudi kwenye sinia pamoja na vingine. Hakuna aliyemwambia neno juu ya hilo pia.

Mwezi wa pili tezi moja ya pembeni ilivimba zaidi badala ya kupungua, ikawa laini na nyekundu. Tuliingiwa na hofu upya, tukarudi Bungoma kwa matatu ya kwanza. Kumbe katika kifua kikuu cha tezi hutokea hivyo, kinga ya mwili inapoamka na kupigana. Hakubadilishiwa dawa, uvimbe ulinyonywa kwa sindano, ukatulia.

Kwa wasomaji wetu walioko nyumbani Mombasa, uchunguzi wa namna hii hupatikana katika hospitali kubwa ya rufaa ya Pwani. Kwa walioko bara kama sisi, zipo hospitali za kaunti za Kitale na Bungoma, na juu yake ile ya rufaa ya Moi mjini Eldoret. Uvimbe wowote wa shingo uliopita wiki tatu au nne usipungue, sauti iliyokwaruza kwa wiki tatu, uvimbe mgumu usiosogea au unaokua haraka, homa na jasho la usiku, kupungua mwili bila sababu: hayo yasingojee tarehe ya kliniki. Na shida ya kupumua isingojee hata kesho. Mwombe daktari wa kike kama yupo. Kama hayupo, mwende wawili, ulegeze ushungi.

Dawa za kifua kikuu zilikwisha katikati ya Safar. Levothairoksini imepunguzwa, na kipimo kingine cha TSH kiko wiki ijayo. Siku zake za Ramadhani anazilipa Jumatatu na Alhamisi. Katika Maulidi ya mwaka huu alisoma zamu yake yote, ingawa aliomba maji katikati. Upande wa kulia wa shingo pamebaki kijiwe kimoja, kadiri ya punje ya choroko. Ofisa wa kliniki anasema huenda kisiondoke kamwe, na si kitu madhali hakikui. Kila Ijumaa, baada ya kuoga na kabla ya kujifunga, hukipima kwa ncha ya kidole, kisha humwandikia mdogo wake ujumbe wa neno moja: “Choroko.”